Mwaka Nilioogopa Jiko

Walikuwa wameshamzika Bi Zuwena nilipofika. Kwa Waislamu maiti haimsubiri msafiri, na hilo nililijua tangu Shangazi aliponipigia simu, lakini nilikaa njia nzima nimekishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili, kana kwamba nikikisukuma basi litawahi. Tabora nilishuka alasiri. Nilipoingia uani kwake, pale Gongoni, nilikuta mikeka imetandikwa toka ukutani hadi ukutani, wanawake wamekaa kwa vikundi, wanazungumza kwa ile sauti ya msibani ambayo si ya huzuni wala si ya furaha, ni ya watu waliokwisha kulia wakabaki na habari za marehemu. Niliamkia mpaka mdomo ukakauka: shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wa marehemu, na wangeniuliza nisingejua la kujibu. Sikuwa mjukuu. Sikuwa wa dini yake. Nilikuwa mtoto wa kaka wa mpangaji wake, basi. Tatu, mjukuu wake wa kweli, alipita na sinia la vikombe, akanikuta nimesimama na begi mkononi kama mgeni wa stendi, akasema, "Karibu, bubu. Miaka yote hii hujajifunza kuongea tu?" Halafu akaliweka sinia chini, akanikumbatia, akalia. Tulipomaliza kulia akanionyesha kwa kidevu chumba cha nyuma, nikaweke begi.

Nimekaa humo sasa, naandika. Kitanda si kile, na kuta zimepakwa rangi nyingine, ila dirisha ni dogo vilevile na bado linatazama jiko la uani. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, na tangu darasa la sita sijaacha kuandika kila jioni, isipokuwa miezi ya mwanzo ya mwaka nilioletwa katika chumba hiki. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Dirisha hilo nililiziba kwa gunia la mkaa, nikalisokomeza na matambara pembeni hadi chumba kikawa na giza mchana. Shangazi alipoingia akakuta hivyo alisimama mlangoni, akanitazama, akatoka. Mambo mengi mwaka ule yalifanyika hivyo: mtu anasimama, anatazama, anatoka.

Niseme lililotokea nilimalize, maana nikilizunguka sitaweza kuendelea. Kwetu Igalula tunalima tumbaku. Tumbaku haiuzwi mbichi. Inatundikwa kwenye bani, nyumba ndefu ya tope isiyo na madirisha, moto unawaka siku nyingi mfululizo, na joto linapita ndani kwenye mabomba ya bati mpaka jani ligeuke manjano. Moto ule hautakiwi kuzimika wala kuzidi. Kwa hiyo msimu wa kukausha watu huhamia banini, wanapika huko na kulala huko kwa zamu. Asubuhi moja ya Februari zamu ilikuwa ya kaka yangu Shija. Jani kavu lilichomoka likaangukia bomba. Ndivyo mabani yanavyoungua, kila mtu kijijini anajua, na kila mtu anajua pia kwamba bani likishika moto unaliacha liungue. Lakini mle ndani mlikuwa na jasho letu la mwaka mzima, na Shija aliingia kuokoa majani. Akatoka na fito kadhaa zilizotundikwa majani, akazitupa, akaingia tena. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo. Baba alikuwa anakuja mbio kutoka kisimani. Paa likashuka.

Sina zaidi ya hayo. Muda mrefu nilidhani ninayo mengi, kwa jinsi yalivyokuwa yananijaa kichwani, kumbe ni hayo machache yanayojirudia. Msibani watu walituambia tumshukuru Mungu. Waliniambia nisilie sana, nitamuumiza mama. Nikaacha kulia, na hakuna aliyeshangaa; walinisifu kwamba nina moyo. Mwezi Machi nikaletwa kwa Shangazi, mjini, nipumzike na nihamie shule ya huku. Nakumbuka nilivyokuwa kwenye treni, nikijiambia kwamba mjini hakuna mabani, kwa hiyo hakuna moto.

Ujinga mtupu. Mji wa Tabora unaishi kwa mkaa. Asubuhi kila ua unatoa moshi wake, mchana wauza chipsi wanakoleza, jioni mahindi yanachomwa kila kona, na nyumba za kina Bi Zuwena zinanukia udi hata kwenye mapazia. Shuleni uji wa saa nne ulipikwa kwa kuni. Nilikuwa nachukua njia ya kuzunguka nyuma ya vyoo ili nisipite jikoni, nikakaa huko peke yangu hadi kengele ilie, na wenzangu wakaamua kwamba naringa: mtu gani anaona bora akae na harufu ya choo kuliko kunywa uji nao? Ningewaambia nini? Watu hudhani ni kukumbuka. Mimi sikuwa nakumbuka. Nikisikia moshi, nilikuwa kule. Miguu inakuwa kule, masikio yanasikia mbao zinavyopasuka, mkono unahisi mshikio wa ndoo, na mtu akiniita jina langu wakati huo ananiita kutoka mbali sana, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kisha narudi, na nakuta wananicheka, au wananiogopa.

Shangazi aliuza dagaa na migebuka ya Kigoma sokoni. Alitoka jua halijachomoza, akarudi miguu imevimba. Binti wa miaka kumi na tano akiwa nyumbani, mwanamke anayerudi sokoni anatarajia kukuta chakula, hata si jambo la kuzungumza. Mimi nilifua, nilichota maji, nilideki mpaka sakafu ikawa inateleza. Nikimenya viazi, nikichagua mchele, vyote naviacha vimepangwa kando ya jiko lililozimwa. Chakula changu cha mchana kilikuwa mihogo mibichi na karanga, au mkate. Shangazi akiwasha jiko mimi najifungia chumbani na gunia langu dirishani, nakula baadaye, kikiwa kimepoa. Tatu alikuwa amenizidi mwaka mmoja na alikuwa na mdomo. Kila akipita mlangoni kwangu alikuwa anapiga saluti. "Binti Sultani, wapishi wako wamechelewa leo?" Au, "Oya, Kabula, unazingua bwana, hata chai? Chai inajipika yenyewe ile." Nilitamani nimjibu. Majibu yalikuwa yananijia vizuri sana, yote yakiwa yamechelewa.

Siku moja mwezi wa sita nilikuwa nimelala kitandani mchana, Shangazi na Bi Zuwena wakakaa chini ya dirisha langu bila kujua nipo. Bi Zuwena alikuwa mwenye nyumba, mama wa Kiarabu wa hapahapa, babu zake walikuja na misafara enzi za pembe na chumvi, naye alizaliwa Tabora na hakuwa na kwao kwingine. Alikuwa mnene, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita watu toka upande wa pili wa ua.

"Mtoto huyu ananishinda, Bi Zuwena," Shangazi alisema. "Narudi nimekufa kwa uchovu, nakuta jiko limelala baridi."

"Mvivu?"

"Angekuwa mvivu ningemchapa yakaisha. Kazi zote anafanya. Jiko tu."

"Baba yake anasemaje?"

"Kaka? Anasema kama nimeshindwa nimrudishe. Anajenga bani jipya. Msimu ukifika wanahitaji mikono."

Bani jipya. Nilijua litakapojengwa, pale pale palipo na maji karibu, na nilijua mikono yangu itafanya kazi gani, kwa sababu baada ya Shija zamu zilikuwa zimebaki za baba na mimi. Jioni ile Shangazi alinikalisha chini. Hakufoka. Ingekuwa rahisi kama angefoka. "Baba yako atakuja karibu na Krismasi," alisema. "Akikuta huwezi kuwasha hata jiko la chai, nitamwambia nini? Nikimwambia niachie asome, atasema mwanangu huko mjini anakaa kama mgonjwa, bora akae kwetu. Nami nataka ubaki, Kabula. Nisaidie nikusaidie." Nilisema ndiyo, Shangazi. Kesho yake nilikwenda hadi kwenye kizingiti cha jikoni, nikaona jivu, nikarudi.

Shauri la kunifukiza lilikuwa la Bi Zuwena. Alimwambia Shangazi kwamba nimeingiwa na hofu, na hofu ikikaa mwilini hutolewa kwa ubani, bibi yake alimfanyia, mama yake alimfanyia, kila mtoto aliyeshtuka katika nyumba ile alifanyiwa. Shangazi alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Moraviani, na mafusho kanisani kwao hayasemwi vizuri, lakini alikuwa amechoka. "Jumamosi nina mazoezi ya kwaya," alisema, akijifunga kitenge. "Mambo yakifanyika sipo, mimi sijaona." Nami hakuna aliyeniambia litakalofanyika. Bi Zuwena aliniita chumbani kwake kwa upole, akanikalisha kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akanifunika kanga mbili gubigubi, akawa anasoma dua kwa sauti ya chini. Nilisikia raha kidogo. Ilikuwa miezi tangu mtu aniguse kichwa. Halafu akaingiza chetezo cha makaa na ubani unaofuka chini ya kanga.

Sikumbuki kutoka. Nilijikuta kwenye reli, ng'ambo ya stesheni, nimekaa juu ya kokoto na ndala moja mguuni, kanga ya Bi Zuwena bado iko begani na inanuka. Baada ya muda nikaona Tatu anakuja anakimbia, ushungi umemwangukia shingoni. Nilingoja anicheke. Alikaa kando yangu, akawa anahema. "Rudi bwana," akasema. "Bibi analia. Sijawahi kumwona Bibi analia, hata babu alipokufa." Tukarudi, na kweli nilimkuta Bi Zuwena sakafuni, chetezo kimepinduka, mkeka umeungua tundu, anajifuta macho kwa kiganja kama mtoto. Akaniuliza, "Ndugu yako alikufa kwa nini?" Nikamwambia: moto. Akapiga kofi paja lake. Shangazi alikuwa amemwambia ajali, asitake kuutaja moto, na kwa mtu wa mjini ajali ni gari. Kina Bi Zuwena wote walikuwa wamenipigia hesabu ya gari, huku kila siku wakinipitishia moshi puani. "Sasa mbona hukusema, mwanangu?" Nikasema hawakuniuliza. Halafu nikaona aibu, maana nilimjibu mtu mzima, lakini yeye alitikisa kichwa tu. "Kweli," akasema. "Hatukuuliza. Tuliogopa kukuumiza."

Nafikiri sana habari hiyo ninapokaa peke yangu. Kwetu tuna adabu nyingi za kumkwepa mtu aliyeumia. Tunampa pole, tunampikia, tunakaa naye kimya, tunamwambia Mungu anajua, na vyote ni upendo, sikatai. Lakini unaweza kuzungukwa na upendo wa namna hiyo ukawa peke yako kama mtu aliye kisimani, anayesikia wenzake juu wakisema kwa sauti ya chini wasimsumbue.

Bi Zuwena ndiye aliyenipeleka Kitete, hospitali. Alivaa buibui lake la safari, tukapanda bajaji. Nesi tuliyemkuta alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho ya usingizi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika, na kuongea kwangu kulichukua muda maana nilikuwa naiambia sakafu. Aliniambia kuna jina: kiwewe. Si jini, si uvivu, si wazimu. "Mwili wako ulijifunza asubuhi moja kwamba moshi ni kifo," alisema. "Haujajua kwamba asubuhi ile imepita. Wewe ndiye wa kuuambia, na mwili hausikii maneno, unasikia mazoezi." Akanifundisha kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, kama mtu anayepoza uji. Akanifundisha kwamba nikianza kwenda kule, nitaje kwa sauti vitu vilivyo mbele yangu hapa, na rangi zake, mpaka hapa pashinde kule. Kisha nikakaribie jiko kidogokidogo, nisijitupe, ila nikishafika mahali nisikimbie hofu ikiwa kileleni. Nikae hadi ishuke yenyewe, kwa kuwa hushuka. Na nitafute mtu wa kumsimulia yote. Nikizidiwa, au nikianza kuwaza kujidhuru, nirudi siku hiyohiyo, nisingoje.

"Na dawa?" Bi Zuwena aliuliza.

"Dawa ndiyo hiyo, Bibi. Sehemu kubwa ataifanya mwenyewe nyumbani."

"Hata kidonge kimoja? Tumelipa bajaji kuja kuambiwa tupumue?"

Nesi alicheka, nami nilicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu ilivyo; ilitoka imekwaruza.

Lakini Bi Zuwena aliishika dawa ile kuliko mimi. Kesho yake tu alileta jiko lisilo na moto akaliweka katikati yetu uani, akaniambia nipange mkaa. Tulikaa hivyo alasiri nzima, yeye anachambua mchele, mimi nimelitazama jiko baridi kama mtu anayetazamana na mbwa asiyemjua. Tatu alipita akasimama. "Bibi, mnaogopa makaa ambayo hayajawaka?" "Ndiyo," Bi Zuwena akamjibu, "tunaanza na haya. Wewe ulianza kuogelea baharini?" "Bibi, Tabora bahari iko wapi?" "Basi nyamaza." Baadaye jiko likawashwa mwisho wa ua, mimi nikiwa mlangoni, baada ya siku nyingi nikiwa hatua chache ndani ya ua, na kila mara moshi ukigeuka upande wangu na uso wangu ukabadilika, sauti ile ya kuita ng'ambo ya ua ilipaa: "Taja!" Nataja. Kamba ya nguo. Kuku. Ndala ya Tatu. "Ya rangi gani?" Bluu. Imekatika. "Sasa pumua. Kaa hapohapo, usininyanyukie." Nakaa. Jasho linanitiririka mgongoni, meno yamekaza, halafu kweli, polepole kama maji ya mvua yanavyoingia mchangani, hofu inashuka. Mara ya kwanza kuihisi ikishuka, nililia kwa mshangao.

Sitaki mtu anayesoma haya adhani ilikuwa ngazi iliyonyooka. Kuna siku nilifika karibu na jiko nikasimama vizuri kabisa, na siku iliyofuata sikuweza kutoka chumbani. Mwezi wa tisa mwalimu wa zamu alituamuru tufagie majani makavu ya miembe na kuyachoma nyuma ya darasa. Majani makavu. Nilivuka uzio. Nilirudishwa, nikapigishwa magoti mbele ya mstari kwa utoro, na sikusema sababu, kwa kuwa kusema mbele ya watu wote kulinitisha kuliko magoti. Nyumbani niliziba tena dirisha. Bi Zuwena hakunibembeleza, alisimama nje ya mlango akasema, "Umeanguka. Mtoto anayejifunza kutembea akianguka harudi tumboni." Halafu akakaa hapo nje, akipepeta mchele, mpaka nikatoka. Lakini hata yeye hakuweza kuingia nilikokuwa. Hilo ndilo ambalo sikuambiwa na mtu. Mwingine anaweza kukaa kando yako, akakuitia majina ya vitu, akakuletea maji, lakini pale pumzi inapokwama uko wewe na mwili wako tu, mnabishana kwa lugha ambayo haina mkalimani. Nilianza kuandika tena wakati huo. Nilikuwa naandika rangi: leo moshi mweupe, nilikaa. Leo mweusi, wa plastiki, sikukaa.

Kumsimulia mtu ndilo nililolichelewesha kuliko yote. Nilimsimulia yeye, alasiri moja anaoka mkate wa kumimina, makaa chini ya sufuria na makaa mengine juu ya mfuniko, nami nimekaa karibu kuliko siku zote. Sijui kwa nini siku hiyo. Pengine kwa sababu alikuwa ameupa moto mgongo na ananitazama mimi. Nilimwambia fito, bomba, ndoo, paa, sauti. Nilimwambia kwamba baba na mimi hatujawahi kutamkiana jina la Shija tangu siku ile. Nilingoja aseme nimshukuru Mungu. Akauliza, "Alikuwa anapenda kula nini?" Nikasema matobolwa kwa asali. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, chakula cha kwetu cha kiangazi, watu wa Gongoni hawavijali. Keshokutwa yake nilikuta sahani mezani, matobolwa magumu aliyoyatafuta sokoni, ameyalainisha kwa maji moto na kumwagia asali nyingi mno. Tulikula sote watatu. Tatu alitafuna muda mrefu akasema, "Ndugu yako alikuwa na meno," na kwa mara ya kwanza nilimcheka Shija nikiwa na furaha kwamba alikuwepo.

Jiko niliwasha mwenyewe mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikinyesha. Haikupangwa. Shangazi alikuwa sokoni, Bi Zuwena na Tatu walikuwa wamekwenda kwenye harusi, nyumba kimya, nami nilitaka chai. Ilikuwa ni hamu ya chai tu. Nilivunja njiti kadhaa za kiberiti. Nilipowasha karatasi na moshi ukapanda, mkono wangu wa kulia ulianza kuhisi mshikio wa ndoo, nikasema kwa sauti kubwa kwenye ua mtupu: sufuria, tone la mvua, ukuta, kidole changu, kina masizi. Nilikaa. Maji yalichemka. Nilikunywa chai ya rangi bila sukari, nimechuchumaa mbele ya makaa, na nilipomaliza nilitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Nilifikiri ningefurahi sana siku hiyo, lakini nilihisi kama mtu aliyeshuka kituo cha mwisho akakuta hakuna aliyekuja kumpokea.

Baba alikuja wiki ya Krismasi, kwa treni, na jogoo kwapani na debe la karanga. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati imemzidi shingo. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, umekua. Basi. Shangazi alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo kuliko mimi. Alimkalisha kwenye kigoda uani, karibu kabisa na jiko, ili asije akasema hakuona. "Kaka, kaa hapo. Mwanao atakupikia." Bi Zuwena alikuwa mlangoni kwake amekunja mikono, anajifanya anaangalia mawingu ya mvua. Tatu alinikonyeza. Nilipanga mkaa, nikawasha, nikapepea kwa mfuniko wa ndoo. Nilibandika sufuria ya maji. Moshi ulizunguka kwanza, kisha upepo ukaugeuza kwa baba.

Alisimama. "Nakuja," alisema, akapita mlango wa nyuma kama mtu aliyeitwa.

"Umeona?" Shangazi alininong'oneza, hasira na machozi pamoja. "Hata kutazama hataki. Ameshaamua kukuchukua."

Nami niliamini hivyo. Nilimfuata nikiwa nimepanga maneno, kwa mara ya kwanza maishani maneno yakiwa yamewahi: kwamba sirudi, kwamba nimeweza, kwamba bani hilo aliwashe mwenyewe. Nilimkuta kichochoroni, ameweka paji la uso ukutani. Viganja vyake vilikuwa vinafunga na kufungua. Pumzi yake niliisikia kabla sijamfikia, fupifupi, za mtu anayekimbia na asiyefika.

"Moshi tu," alisema bila kugeuka. "Umeniingia machoni."

Macho yake yalikuwa makavu. Nikamuuliza, "Baba, bani umejenga?"

"Matofali yapo."

"Umejenga?"

"Kila nikikanyaga tope nianze, naishia njiani. Mama yako ananiletea chakula nje, mbali na jiko. Watu nimewaambia tumbaku hailipi." Akameza. "Nilifikiri ukirudi tukawa wawili, labda ningeweza. Lakini wewe baki. Baki huku usome. Nitamwambia Shangazi yako." Alisema hivyo, na bado viganja vilikuwa vinafunga na kufungua, na nikajua bado yuko kule.

Kwetu mtoto hamwamuru baba. Nilimshika mkono wa shati. "Baba, toa pumzi. Polepole, kama unapoza uji. Hivyo. Tena. Niambie unaona nini hapa."

"Kwa nini?"

"Niambie tu, baba."

Aligeuza uso kidogo. "Ukuta."

"Wa rangi gani?"

"Chokaa. Imebanduka."

"Kingine."

"Baiskeli. Haina tairi."

"Kingine."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati, tone moja moja. Midomo yake ilijaribu, ikaacha, ikajaribu tena.

"Namwona Shija," alisema.

Nesi hakunifundisha la kufanya hapo. Hakuna aliyenifundisha. Niliteleza nikakaa chini, mgongo ukutani, nikamvuta naye akakaa.

"Na mimi namwona, baba."

Uani Shangazi alianza kuita kwamba maji yanafurika, nani atayaangalia. Hatukuinuka. Tulibaki kichochoroni na vumbi la chokaa mgongoni, tukimtazama mtu yuleyule, na hakuna aliyemwambia mwenzake asilie.